Namna ya Kusikiliza Muziki wa Kompyuta Yako Katika Kila Chumba Bila Waya: Mwongozo kwa Wakaao Nyumba za Mawe, Lamu

Maswali ninayoulizwa, Mkomani kwa Langoni, ni yale yale. Je, bando langu litaliwa? Mbona spika ya Bluetooth inakatika kila nikiingia chumba cha ndani? Ni lazima ninunue spika za bei kubwa? Nimeyajibu barazani mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena apewe ukurasa huu badala ya kungojea mimi nimalize kahawa.

Bando haliliwi. Muziki unatoka katika kompyuta yako, unapita kwenye ruta na kuishia katika spika yako bila kuvuka mlango wa nyumba, kwa hiyo hata intaneti ikiwa imekatwa kwa kutolipiwa, nyimbo zitaendelea kusikika. Bluetooth nayo hukatika kwa sababu vifaa vingi vya aina hiyo vimekusudiwa umbali wa kiasi cha mita 10 mahali palipo wazi, na ukuta wa matumbawe hauko miongoni mwa mahali palipo wazi. Kuhusu spika, ile uliyo nayo inatosha maadamu ina tundu la kuchomeka waya.

Mpango wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Kompyuta moja inakuwa ghala la nyimbo, na programu inayolisimamia ghala hilo huitwa seva. Katika kila chumba unaweka kifaa kidogo cha kupokea muziki, ambacho humu nitakiita kipokezi, na kipokezi hicho kinaunganishwa na spika kwa waya mfupi. Ruta ndiyo njia baina yao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yoyote inayotumia Windows, macOS au Linux. Laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka inafaa kabisa, kwa kuwa baada ya siku ya kwanza hutaitazama tena.
- Ruta ya waifai ambayo unajua neno lake la siri, yaani lile la kuingilia kwenye mipangilio, si lile la kuunganisha simu peke yake. Mara nyingi limebandikwa chini ya ruta.
- Kipokezi kimoja kwa kila chumba: simu ya zamani, laptopu nyingine, au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi.
- Spika yenye tundu la milimita 3.5, au redio yenye tundu la kupokea sauti kutoka nje, pamoja na waya wake.
- Programu ya Lyrion Music Server, ambayo ni ya bure. Zamani iliitwa Logitech Media Server na ikabadilishwa jina mwaka 2024, kwa hiyo ukikutana na maelezo yenye jina la kale usidhani umepotea njia.
- Nyimbo zenyewe, zikiwa mafaili halisi kwenye diski yako. Nyimbo ulizozipakua ndani ya programu za kusikiliza kwa malipo ya mwezi zimefungwa humo, na seva haiwezi kuzisoma.

Hatua ya 1: Kusanya nyimbo na usahihishe majina

Tengeneza folda moja, uipe jina fupi lisilo na alama za ajabu, kisha uhamishie humo nyimbo zote. Ndani yake panga folda ya kila msanii, na ndani ya folda ya msanii folda ya kila albamu.

Hapa ndipo watu wengi huharakisha halafu wakajuta. Seva haisomi jina la faili pekee. Inasoma maandishi yaliyofichwa ndani ya faili yanayotaja msanii, albamu na namba ya wimbo. Tarabu zetu nyingi zilitolewa kwenye kaseti na kila mtu akaandika alivyosikia, ndiyo maana Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, anaweza kukutokea kama waimbaji wanne: Zein, Zein Labdin, Zeinul Abidin na "Msanii Asiyejulikana". Tumia programu ya Mp3tag, ambayo kwa Windows ni ya bure, chagua mafaili yote ya msanii mmoja kwa pamoja, andika jina mara moja tu, uhifadhi. Kwa nyimbo mia tano kazi hii huchukua jioni moja. Kuifanya baada ya seva kuanza kutumika huchukua zaidi, kwa sababu kila siku utakutana na kosa jipya.

Hatua ya 2: Iweke ruta mahali panapostahili

Hatua hii haihusu kompyuta hata kidogo, lakini ndiyo inayoamua kama utafurahia kazi yako au utaiacha baada ya wiki. Kuta za nyumba zetu ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na dari ni boriti za mikoko zilizobebeshwa mawe na chokaa juu yake. Mafundi wanaoleta intaneti huiacha ruta pale waya unapoingilia, mara nyingi tekani, yaani kwenye kiingilio cha nyumba, au sabule, yaani chumba cha wageni, kwa sababu hapo ndipo kazi yao inapokwisha. Ikikaa hapo inawahudumia wapita njia waliopumzika dakani, kwenye baraza ya mlango wa nje, kuliko wenye nyumba.

Mahali bora ni ukingoni mwa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, chini ya paa la msana, ule ukumbi unaofungukia kiwandani, mahali isipofikiwa na mvua, iwe juu ya kabati au imetundikwa kwenye msumari. Vyumba vingi hufungukia kiwandani, na kiwanda chenyewe kiko wazi hadi juu, kwa hiyo mawimbi hupita milangoni na kupanda ghorofani bila kupambana na jiwe. Mimi mwenyewe niliwahi kuiweka ruta katika kidaka kimojawapo, yaani kishubaka cha ukutani, cha chumba cha ndani, baina ya sahani za kale za mama, kwa kuwa ilipendeza. Juu jiwe, chini jiwe, nyuma jiwe, pembeni jiwe. Simu iliyokuwa msana haikupata hata alama moja ya mtandao. Nilipoitoa na kuisogeza hatua nne hadi karibu na mlango, alama zikawa tatu, na sahani zikarudi mahali pake.

Fanya jaribio hili kabla ya kupigilia msumari wowote: shika simu, ingia kila chumba unachotaka kiwe na muziki, funga mlango, usimame pale spika itakapokaa, kisha utazame alama za waifai. Jaribio la milango wazi hudanganya.

Ruta nyingi za sasa hutoa mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5. Kwa muziki katika nyumba ya mawe chagua ule wa 2.4, kwa kuwa unapenya ukuta vizuri zaidi. Ule wa 5 una kasi kubwa, lakini muziki hauhitaji kasi hiyo. Wimbo wa MP3 wa daraja la juu hutumia kilobiti 320 kwa sekunde, na hata sauti ya CD isiyobanwa kabisa hutumia 1,411, kwa hiyo vyumba vitatu vikicheza CD kwa wakati mmoja havifiki megabiti 5. Kasoro ya 2.4 ni kwamba majirani nao wako humo, na nyumba zetu zimebanana hadi nyingine zimeunganishwa kwa wikio, yaani chumba kilichovuka juu ya njia. Ingia katika mipangilio ya ruta, uchague chaneli ya 1, ya 6 au ya 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani, na uone ni ipi iliyo na msongamano mdogo mtaani kwako.

Nyumba ikiwa na ghorofa mbili juu na mawimbi hayafiki kidari cha meko, yaani jiko la juu, pitisha kebo ya mtandao kiwandani hadi juu na uweke ruta ya pili huko. Katika ruta hiyo ya pili zima ugawaji wa anwani, uitwao DHCP, na uchomeke kebo katika tundu la kawaida badala ya lile la kuingizia intaneti; bila hivyo utakuwa na mitandao miwili isiyojuana. Vile vifaa vya kurudia mawimbi vinavyochomekwa kwenye soketi sivipendi, kwa sababu vingi hupokea na kutuma kwa njia ile ile moja na muziki huanza kudonadona.

Hatua ya 3: Ipe kompyuta anwani isiyobadilika

Katika Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha usome mstari wenye neno IPv4. Utaona namba kama 192.168.1.20. Ruta huweza kuibadilisha namba hii siku kompyuta ikizimwa na kuwashwa, na hapo vipokezi vinavyoitafuta kwa namba vitaikosa. Ingia katika mipangilio ya ruta na uihifadhi namba hiyo kwa ajili ya kompyuta hiyo peke yake. Iandike kwenye karatasi. Kuanzia hapa nitaitumia 192.168.1.20 kama mfano, na wewe weka ya kwako.

Kama inawezekana, kompyuta yenye seva iunganishe na ruta kwa kebo badala ya waifai, kwa sababu ikiwa kwa waifai kila wimbo husafiri hewani mara mbili: kutoka kompyuta hadi ruta, na tena kutoka ruta hadi kipokezi.

Hatua ya 4: Sakinisha seva

Pakua Lyrion Music Server kutoka tovuti yake rasmi na uisakinishe kama programu nyingine yoyote. Ikimaliza, fungua kivinjari katika kompyuta hiyo hiyo na uandike http://localhost:9000. Utaulizwa folda ya nyimbo iko wapi. Ionyeshe ile ya hatua ya 1. Seva itaanza kuzisoma, na nyimbo zikiwa maelfu, ipe muda. Usiizime katikati kwa kudhani imekwama.

Hatua ya 5: Iruhusu seva ipite kwenye kinga ya kompyuta (firewall)

Windows itakuuliza kama programu hii iruhusiwe kutumia mtandao. Ruhusu kwa mtandao wa binafsi, na uhakikishe kwamba waifai ya nyumbani imesajiliwa kuwa ya binafsi, si ya hadharani. Ukilipuuza swali hilo kwa haraka, itakubidi uifungulie seva milango ya mawasiliano (port) ya 9000 na 3483 kwa mkono katika mipangilio ya kinga.

Onyo moja la dhati: milango hiyo ifunguliwe katika kompyuta tu. Usiifungue katika ruta ili upate kusikiliza ukiwa Mombasa, kwa sababu ukifanya hivyo seva yako itakuwa wazi kwa yeyote duniani.

Hatua ya 6: Kipokezi cha kwanza, simu ya zamani

Anza na simu, kwa kuwa haigharimu kitu na inathibitisha kwamba hatua zilizotangulia ziko sawa.

Sakinisha VLC, programu ya kuchezea muziki na video, katika simu, tafuta mahali pa kufungua anwani ya mtandao, na uandike http://192.168.1.20:9000/stream.mp3 bila kuacha nafasi popote. Hutasikia kitu, na wengi hapa hukata tamaa na kufuta kila kitu. Ukimya huo ni wa haki, kwani simu imeshajisajili lakini hakuna aliyeitumia wimbo. Rudi kwenye ukurasa wa seva, utaona kipokezi kipya katika orodha, kichague, kisha uchague wimbo na ubonyeze kitufe cha kucheza. Sauti itatoka baada ya sekunde kadhaa, kwa sababu simu hujiwekea akiba ya muziki kwanza. Ukibadilisha wimbo utangoja tena vivyo hivyo.

Mafaili ya MP3 hupita njia hii moja kwa moja. Ya aina nyingine, kama FLAC, lazima seva iyageuze kwanza kuwa MP3, na kazi hiyo huhitaji programu ndogo ya LAME iwepo katika kompyuta.

Hatua ya 7: Vipokezi vya kudumu

Simu yenye VLC inafaa chumba kimoja. Ukitaka vyumba viwili au zaidi vicheze wimbo mmoja kwa sauti zinazokwenda pamoja, unahitaji vipokezi vinavyoongea lugha ya seva yenyewe. Laptopu ya Windows utaiwekea Squeezelite-X, ya Linux utaiwekea Squeezelite.

Chaguo langu mwenyewe ni Raspberry Pi yenye piCorePlayer. Sababu yangu ni umeme. Mfumo huo hupakiwa wote katika kumbukumbu unapowaka na hauandiki kwenye kadi wakati wa kazi, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla kadi haiharibiki. Ukiwaka, kipokezi huamka chenyewe na kuitafuta seva. Unaandika mfumo kwenye kadi kwa kompyuta, unakichomeka kifaa kwenye ruta kwa kebo mara ya kwanza, unafungua anwani yake katika kivinjari, unaingiza jina la waifai na neno la siri, kisha unakipeleka chumbani.

Kabla ya kununua, tazama matundu. Raspberry Pi 3 na 4 za kawaida zina tundu la sauti la milimita 3.5. Zile ndogo za Zero na ile mpya ya Pi 5 hazina, na zitakudai kifaa cha ziada cha kutolea sauti. Zero nazo hazina tundu la kebo ya mtandao, kwa hiyo hata ule mwanzo wa kebo nilioueleza huwezi kuufanya bila adapta. Muuzaji mara nyingi hatakuambia.

Hatua ya 8: Unganisha vyumba

Katika ukurasa wa seva, fungua mpangilio wa kulinganisha vipokezi, chagua kimoja na utie alama vile vya kufuatana nacho. Sauti ya kila chumba bado utaipandisha na kuishusha peke yake. Ukurasa huo huo unafunguka katika simu yako ya mkononi kwa http://192.168.1.20:9000, kwa hiyo huna haja ya kwenda kwenye kompyuta.

Faida niliyoipata bila kuitarajia ni wakati wa adhana. Zamani nilikuwa nikikimbia msana, ndani na jikoni kuzima redio moja moja, huku msikiti wa kwanza umeshaanza na mwadhini wa pili anakohoa kwenye kipaza sauti. Sasa nyumba nzima hunyamaza kwa kidole kimoja.

Hatua ya 9: Usingizi na umeme

Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta, uizuie isilale ikiwa imechomekwa, na uizuie isilale kifuniko kikifungwa. Muziki unaokoma baada ya dakika 30 kamili kila siku si hitilafu ya mtandao, kompyuta imelala.

Laptopu ina betri yake. Ruta haina, na ikizimika kila kitu kimezimika. Ziko UPS, yaani betri za akiba, ndogo za ruta ambazo ni rahisi kuliko zile za kompyuta, lakini soma adapta ya ruta yako kwanza: nyingine ni za volti 12, nyingine za volti 9, na kuipa ruta ya 9 umeme wa 12 kunaweza kuiua.

Mambo yakienda kombo

*Simu haiifikii seva.* Jaribu http://localhost:9000 katika kompyuta yenyewe. Ikifunguka, seva ni nzima, na tatizo liko kwenye kinga au kwenye mtandao. Hakikisha simu haiko katika waifai ya wageni, kwa sababu mtandao huo kwa makusudi huzuia vifaa visionane. Zima pia data ya laini katika simu wakati wa kujaribu, kwa kuwa simu nyingine zikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye laini bila kukuarifu.

*Muziki unakatika kila baada ya sekunde chache.* Kilete kipokezi karibu na ruta. Kikicheza vizuri hapo, rudi hatua ya 2, kwa kuwa dawa haiko kwenye programu. Kikiendelea kukatika hata hapo, angalia kama kompyuta yenye seva inatumia waifai, na uiwekee kebo.

*Vyumba viwili havilingani, kimoja kiko nyuma.* Kipokezi cha VLC hakilinganishwi na vingine, na hakuna mpangilio wa kulirekebisha hilo. Ikiwa vyote viwili ni vya Squeezelite, angalia kama kimoja kinapeleka sauti kwenye spika ya Bluetooth, maana Bluetooth huichelewesha. Tumia waya, au ingia katika mipangilio ya kipokezi na urekebishe ucheleweshaji kwa milisekunde hadi masikio yako yaridhike ukiwa umesimama kizingitini baina ya vyumba.

*Nyimbo mpya hazionekani.* Iamuru seva isome folda upya. Chagua kusoma yaliyobadilika tu, ili usianze yote mwanzo.

*Majina ya Kiarabu yanatokea kama alama zisizosomeka.* Maandishi ya ndani ya faili yaliwekwa kwa mfumo wa kale wa herufi. Fungua faili katika Mp3tag, andika jina upya na uhifadhi kwa ID3v2.3 yenye UTF-16.

*Spika inavuma hata muziki ukiwa umesimama.* Mara nyingi ni adapta dhaifu ya kipokezi. Kiwashe kipokezi kwa pawabenki kwa dakika tano. Mvumo ukitoweka, badilisha adapta.

*Sauti inatoka upande mmoja tu.* Chomoa waya na uitazame pini yake kwenye mwanga. Kwetu chumvi ya bahari huingia kila mahali, na pini iliyokaa miezi mitatu katika chumba kinachoelekea pwani huota doa la kijani. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, iache ikauke, uichomeke na kuizungusha mara mbili tatu katika tundu. Ikiwa imeshaliwa na kutu hadi imeparuza, nunua waya mpya.